Bustani ya Hezekia

Kilosa, Jumatatu, 26 Februari 1968

Tangu juzi mimi ni mke wa Filipo. Nimeiandika sentensi hiyo, nikaisoma kwa sauti, nikaisoma tena, maana chumba ni chetu wawili na hakuna wa kunicheka. Daftari hili nililinunua Morogoro siku nilipomaliza kidato cha nne, nikalifunga ndani ya kanga nikingoja maisha yangu yaanze. Sasa yameanza.

Filipo ni karani ofisini mjini. Suruali yake anaipiga pasi mwenyewe, ati mimi nitaipotezea mstari. Akinimiminia chai huipuliza kwanza isije ikaniunguza. Akiniita Magreti, hulitamka taratibu kama mtu anayeonja asali mpya. Sikujua kuwa jina langu ni zuri namna ile.

Arusi ilifana. Mlangoni pa kanisa Bi Mwanakheri alimvua Filipo kiatu kimoja akakikalia. Ukoo wake na ukoo wa marehemu Baba ni watani tangu enzi za mababu, na mtani hadaiwi adabu. Huyu mama huuza karanga stesheni, sauti yake inashindana na honi ya gari moshi. Alimwambia Filipo mbele ya watu wote, "Haya, Karani, umeoa au umeajiriwa?" Watu walicheka hadi mchungaji akacheka. Filipo alikikomboa kiatu kwa leso yake nyeupe. Tangu siku hiyo Bi Mwanakheri hamwiti jina jingine, ni Karani tu. Sijapenda. Filipo ni Filipo.

Mama na Filipo hawakutazamana hata mara moja. Kwetu mkwe na mkwe hugeuziana mgongo, na kadiri mgongo unavyogeuka ndivyo heshima inavyozidi. Filipo aligeuka kabisa, akabaki kuutazama ukuta. Nilitaka kulia kwa furaha.

Jumatano, 28 Februari

Mvua ya rasharasha. Filipo ameniletea kitana chekundu.

Jumapili, 3 Machi

Baada ya ibada tulikwenda kukaa bustanini. Nimeona niandike habari za bustani hii, maana siku moja watoto wetu watasoma humu.

Iko kati ya stesheni na soko. Ina mijohoro sita, viti vya saruji, na maua ambayo mbuzi wa mjini huyamaliza kila mwaka. Wakati wa Mwingereza iliitwa kwa jina la mke wa mkubwa mmoja wa wilaya, na Mwafrika aliruhusiwa kuingia akiwa na ndoo ya kumwagilia tu. Uhuru ulipokuja watu walikivunja kibao, bustani ikakaa bila jina.

Ndipo masika ya mwaka uliofuata Mto Mkondoa ulipofurika. Baba yangu, Hezekia, alikuwa mnyapara wa mafundi wa reli. Alijifunga kamba kiunoni akaingia majini kuwatoa watu wa bondeni, mama na mtoto, mama na mtoto, hadi kamba ilipokatika. Mwili haukuonekana. Watu wa soko wenyewe, bila kuamriwa na ofisi yoyote, walitengeneza kibao wakakisimamisha: Bustani ya Hezekia.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mtu asiye na mwili naye huzikwa. Watani walikata mgomba, wakauvisha koti la reli la Baba lenye vifungo vya shaba, wakauzika usiku chini ya kibao kile. Bi Mwanakheri ndiye aliyeushika kichwani. Kwa hiyo Mama anapofagia pale kila masika, hafagii bustani.

Leo nilimwonyesha Filipo mahali penyewe. Alivua kofia. Jina la Baba hajawahi kulitamka, maana kwetu mkwe hatamki jina la baba mkwe wake, hata marehemu. Yeye husema "bustani ya stesheni" tu. Mwanaume wa siku hizi, msomi, anayevaa tai, na bado anachunga mdomo wake kwa ajili ya mzee asiyemjua. Ni wangapi wenye bahati kama yangu?

Alhamisi, 7 Machi

Mvua kubwa. Filipo ameteuliwa kuwa katibu wa Kamati ya Majina. Nimepika wali.

Jumapili, 10 Machi

Kamati hii itayafuta majina yote ya kizungu mjini: barabara, ukumbi, uwanja wa mpira. Filipo ananieleza na macho yanamng'aa. Anasema nchi yenye majina ya watu wengine ni sawa na mtu aliyevaa koti la kuazima. Nilimwambia aiandike sentensi ile. Akasema wewe ndiye mwenye daftari, iandike wewe. Nimeiandika.

Jioni, mvua ikipiga bati, tulicheza mchezo. Aliniuliza, "Ungepewa mahali pa wananchi kupumzika, ungepaitaje?"

Nikasema nipe muda. Nikafikiri tulivyoamka asubuhi ile ya kwanza, mwanga ukiingia dirishani na yeye amelala kama mtoto. Nikamwambia, "Mapambazuko."

Akarudia, "Mapambazuko." Akanibusu paji la uso. Akasema kidato cha nne si mchezo.

Alhamisi, 14 Machi

Njia ya sokoni ni tope tupu. Filipo kachelewa.

Jumanne, 19 Machi

Filipo amerudi na gari moshi kutoka Mikumi, alikotumwa kikazi. Kuna nafasi ya karani mkuu kule, na nyumba ya bati yenye bomba la maji uani. Anasema tembo hukatiza barabara kama ng'ombe wa Wamasai. Wakubwa wanamtazama, anasema, na mtu akitazamwa inabidi asimame wima. Nimeota tembo.

Jumamosi, 23 Machi

Mkondoa umepanda. Mama hulala na taa ikiwaka mto ukipanda. Nilikwenda kulala kwake.

Ijumaa, 29 Machi

Mvua. Filipo ana mikutano kila jioni. Akirudi anakula, analala. Nadhani ni uchovu, maskini.

Jumanne, 2 Aprili

Leo Bi Mwanakheri alikuja na kapu lake la karanga, limefunikwa kipande cha turubai. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila mzaha hata kidogo, nami nikajua kuna jambo. Hakukaa.

Akaniambia mafundi wa ofisi wamekwenda kupima bustani. Siku ya Muungano atakuja mgeni kutoka Dar es Salaam kufungua nguzo ya saruji yenye jina jipya. Nikacheka. Nikamwambia haiwezekani, Kamati inafuta majina ya kizungu, na Baba yangu si Mzungu.

"Waulize," akasema. "Tena wamepata jina tamu. Bustani ya Mapambazuko."

Alipoondoka nilibaki nimesimama mlangoni. Mvua ilikuwa inaingia ndani na sikuifungia mlango.

Jumatano, 3 Aprili

Naandika mchana, yeye yuko kazini.

Jana alipoingia sikumpokea mwavuli. Nikamwuliza kama ni kweli. Hakukana. Alikaa, akavua soksi zilizolowa, akazikamua, akaanza kunieleza kwa sauti ya mkutanoni. Mahali pa wananchi wote pasiitwe kwa jina la mtu mmoja. Jina la mtu hujenga ukoo, jina la wote hujenga taifa. Baada ya Azimio la Arusha mambo yamebadilika.

Nikamwuliza, na ukumbi je? Maana ukumbi wameupa jina la mkubwa mmoja ambaye angali hai na anakula ugali wake. Akasema huyo ni kiongozi. Nikamwuliza, aliyeingia kwenye maji na kamba kiunoni alikuwa nani? Akasema nisichanganye mambo.

Kisha akaniambia jambo ambalo nilikuwa sijalifikiria. Kamati iliuliza kama familia inaridhia.

"Walimwuliza Mama?" nikasema.

"Waliniuliza mimi."

"Ukajibu nini?"

"Nikajibu familia imeridhia. Mimi ndiye mwanamume wa nyumba ile sasa, Magreti."

Mwanamume wa nyumba ile. Kwetu mkwe ni mgeni hata akizeekea pale. Hata kuku wa Mama hawezi kumchinja bila kuuliza. Na mtu asiyethubutu kumtazama Mama usoni ndiye aliyekaa mezani akatoa ridhaa yake.

Nikamwambia, "Na jina nililitoa mimi."

Akasema, "Ndiyo maana nilidhani utafurahi."

Naamini hakuwa ananidhihaki. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi.

Alhamisi, 4 Aprili

Nilikwenda kwa Mama nikiwa nimepanga maneno njia nzima. Sikuhitaji, ameshasikia. Alikuwa anachambua mchicha. Nilimwambia twende ofisini sote wawili, twende hata kwa mchungaji. Akaendelea kuchambua. Baadaye akasema, "Waliipa bustani jina lake bila kuniuliza. Wanalichukua bila kuniuliza."

Anachotaka ni kimoja tu: nguzo isichimbiwe pale. Waiite bustani hata Bustani ya Mbuzi, lakini wasiguse pale.

Nimelipeleka ombi hilo kwa Filipo. Amesema hilo ni dogo sana, nguzo itawekwa upande wa soko. Ameniapia. Ameweka mkono juu ya Biblia yetu ya arusi.

Jumapili ya Mitende, 7 Aprili

Mvua. Kanisani tulikaa pamoja. Watu wakimpongeza Filipo kwa sherehe inayokuja, natabasamu. Kumbe uso unaweza kutabasamu wenyewe.

Pasaka, 14 Aprili

Amenipulizia chai. Nimeinywa. Nilifikiri: ameapa, ni mume wangu, ni kijana, wakubwa wamemkalia shingoni. Nguzo itakuwa upande wa soko. Jina ni maneno tu, mahali ndipo penye Baba. Nimelala vizuri mara ya kwanza tangu mwezi uanze.

Jumamosi, 20 Aprili

Kibao cha zamani kimeng'olewa. Bi Mwanakheri anasema wamekitia kwenye stoo ya ofisi pamoja na majembe.

Jumatano, 24 Aprili

Bustani imezungushiwa maturubai, haruhusiwi mtu kupita. Filipo anasema ni kwa ajili ya kupaka chokaa. Nimemwuliza tena habari za nguzo. Amesema, "Nimekwisha kuapa, unataka niape mara ngapi?"

Jumamosi, 27 Aprili. Nyumbani kwa Mama

Jana haikuandikika. Leo nitajaribu.

Asubuhi mvua ilikatika, jua likatoka kali. Watu walikuwa wengi: shule zote, ngoma, wafanyakazi wa reli na mashati meupe. Maturubai yalishushwa. Nguzo haikuwa imesimamishwa bado, maana mgeni ndiye aliyetakiwa kuisimamisha kwa mkono wake. Ililala chini, imefunikwa bendera. Na kando yake shimo.

Shimo lilikuwa pale pale.

Upande wa soko walikuwa wameweka jukwaa. Baadaye niliambiwa sababu: wakubwa walitaka mgeni apigwe picha akiwa na stesheni nyuma yake, na jua lisimpige machoni. Basi shimo likahama. Filipo aliambiwa Jumatatu. Alikuwa na siku nne za kunieleza.

Mama alikuwa amesimama upande wangu wa kulia. Alilitazama shimo, kisha rundo la udongo, kama mtu anayetafuta sindano.

Mgeni alipoitwa, Bi Mwanakheri alitoka kwenye kundi la akina mama. Akatembea taratibu, akaifunua bendera, akaikunja vizuri, akampa askari aishike. Halafu akaikalia ile nguzo. Askari walitaka kumwondoa, lakini wazee wa reli wakapaza sauti kwamba ni mtani, aachwe, mtani ana haki yake. Mgeni akauliza, akaelezwa, akacheka. Akaketi kutazama. Watu wote walijua kinachofuata: atadai fidia, atakombolewa kwa shilingi, atainuka.

Filipo ndiye aliyetumwa kumkomboa. Alikuja na shilingi tano mkononi na tabasamu lake.

"Nishike fedha yako nikanunue nini, Karani?" akasema Bi Mwanakheri. "Mtani halipwi kwa kitu asichokitaka."

Watu wakacheka.

"Unataka nini, Bi Mwanakheri?"

Akafungua upindo wa kanga yake, akatoa kitu kidogo, akakiinua. Kilikuwa na udongo lakini jua lilikipata. Kifungo cha shaba. Alikiokota kwenye lile rundo, alfajiri, kabla askari hawajafika.

"Nataka uniambie hiki ni cha nani. Taja jina la mwenyewe, nami nainuka. Sitaki senti."

Kicheko kilipungua. Wazee wa reli walikifahamu kifungo. Mimi nilikuwa hatua chache tu kutoka kwa mume wangu na nilikuwa namwomba moyoni, kwa maneno haya haya: sema. Mwiko huu ni mdogo leo. Vunja adabu kwa siku moja, hakuna atakayekulaumu, Mama mwenyewe hatakulaumu. Sema jina la Baba yangu mbele ya watu walioliandika, halafu simamisheni nguzo yenu.

Filipo alimtazama mgeni. Alitazama upande wetu, akamwona Mama, na palepale, kwa mazoea, akamgeuzia mgongo kwa heshima. Akiwa ametupa mgongo vile akasema kwa sauti iliyosikika hadi stesheni, "Mwenyewe simjui."

Na watu wakapiga makofi. Walidhani ni utani, kwamba Karani amemjibu mtani jibu kali. Mgeni naye alipiga makofi, akiwa amejiegemeza kwenye kiti.

Sheria ya utani ni kwamba ukiuliza ukajibiwa, umeshindwa. Bi Mwanakheri aliinuka. Alipita karibu na Filipo, akamwambia kitu ambacho nilikisikia kwa sababu sasa nilikuwa nimesogea: "Umeajiriwa."

Nguzo ikasimamishwa. Saruji ikamwagwa. Bustani ya Mapambazuko. Herufi nzuri sana.

Mama amekishona kile kifungo kwenye gauni lake la kanisani, kwa ndani, mahali pasipoonekana.

Jumatano, 1 Mei

Bado niko kwa Mama. Mvua.

Jumamosi, 4 Mei

Amekuja mara mbili, amesimama nje ya ua kwa sababu ya Mama. Leo Mama amenifungia nguo zangu. Nilimwambia sirudi. Akasema binti wa kidato cha nne akirudi nyumbani mwezi wa tatu, mji mzima utasema alifukuzwa, na watasahau kilichomrudisha. "Mume ni wako. Ulimchagua mwenyewe, tena ulimsifu. Jina ni letu, hilo tutajua la kufanya nalo."

Nimerudi.

Jumanne, 7 Mei

Hatuzungumzi isipokuwa chumvi na mafuta ya taa.

Jumapili, 12 Mei

Usiku huu alifunga mlango, akafunga na dirisha. Akasema amefikiri. Tukijaliwa mtoto wa kiume, tutampa jina la babu yake.

Nikamwuliza, "Jina gani?"

"Unalijua."

"Nataka kukusikia wewe."

Akatazama mlango kama umefungwa vizuri. Halafu akasema, taratibu, kama anayepumua: "Hezekia."

Mara ya kwanza tangu nimfahamu. Sauti ilikuwa ile ile ya asali. Zamani ningeanguka miguuni pake.

Nikamwambia, "Sasa nenda ukaliseme bustanini, mchana, watu wakiwepo."

Alivaa viatu, nikafikiri labda. Alikwenda uani, akarudi, akazima taa.

Alhamisi, 16 Mei

Hajaenda.

Jumamosi, 25 Mei

Barua ya uhamisho imekuja: karani mkuu, Mikumi. Majirani wamekuja kutupongeza. Nimewakaangia karanga.

Nilipita sokoni kununua kamba za kufungia mizigo. Mchuuzi mmoja, ambaye dada yake alitolewa majini na Baba, nilimsikia akimwelekeza mgeni: pita hapa, ukifika Mapambazuko kata kushoto. Alilisema kama jina alilozaliwa nalo. Hata mwezi haujaisha vizuri. Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Ni jina zuri, linatamkika. Nililichagua vizuri mno.

Jumatatu, 3 Juni

Tumeondoka Kilosa na gari moshi la asubuhi. Mama hakuja stesheni. Alikuwa bustanini, anafagia kuizunguka nguzo. Bi Mwanakheri alinipitishia karanga dirishani, akanishika mkono. Gari lilipoanza kwenda akapaza sauti, "Mtunze Karani!" Watu wakacheka. Mimi pia.

Mikumi, Jumapili, 16 Juni

Mvua zimekwisha kabisa, nyasi zimeanza kukauka. Bomba la uani linatoa maji kweli. Jana tembo watatu walipita nyuma ya nyumba, na sikuhisi nilivyodhani ningehisi.

Leo nimezisoma kurasa za mwanzo. Jina moja limerudiwa karibu kila mstari.

Mchana walikuja akina mama wa jirani kunikaribisha, wakaleta unga na kuku. Ni watu wema, watatu, mmoja wao Mvidunda mwenye maneno mengi. Wakaniuliza natoka wapi, nikasema Kilosa. Wakaniuliza Kilosa wapi, nikasema karibu na Bustani ya Hezekia. Hawaijui. Wakauliza, na mwenye nyumba tumwiteje?

Nikawaambia, "Mwiteni Karani. Ndivyo anavyoitwa."

Walipokuwa wanaondoka walikutana naye langoni, wakamsalimu wote kwa jina hilo. Alisimama kidogo, akanitazama, akaitikia.

Karani ameingia saa kumi. Nimemmiminia chai. Sikuipuliza.